Mtandao Haujui Kipkelion, na Kosa ni Letu

Jamani, kuna uongo mmoja ambao sisi waandishi wa programu tumeuzoea mpaka tunauona kuwa ni ukweli. Uongo wenyewe ni huu: eti kila kitu kiko mtandaoni. Kijana akiuliza swali anajibiwa, "Si utafute tu Google?" Siku hizi anaambiwa, "Si uulize tu AI?" Na anayejibu hivyo anajiona mjuzi kweli kweli.

Leo naupinga uongo huu hadharani. Najua nitawaudhi baadhi ya wenzangu, lakini afadhali tuudhiane kuliko kuendelea kuwaharibia watu kazi na pesa zao. Hoja yangu ni moja tu. Mambo yanayotukwamisha zaidi katika kazi yetu hapa Kipkelion, Kericho, Bomet na kwingineko nchini hayapatikani kwa urahisi mtandaoni, na hayapatikani kwa sababu sisi tunaoyajua hatutaki kuyaandika mahali ambapo mwingine anaweza kuyaona. Kila siku tunachuma majani kwenye shamba ambalo hatujapanda hata mche mmoja.

Kazi yetu inavyofanyika

Kwa wale wasio wa fani hii, nieleze kidogo. Mwandishi wa programu hakai na msimbo wote kichwani. Programu ikigoma hutoa ujumbe wa hitilafu, mara nyingi mstari mmoja mrefu wa Kiingereza kisichoeleweka. Anaunakili mstari ule, anaubandika kwenye Google, anafungua kurasa nne au tano, anasoma harakaharaka, anachukua kipande cha msimbo na kukijaribu. Kikikubali anasonga mbele. Kikikataa anarudi kutafuta. Siku nzima inaweza kwisha hivyo, na hakuna aibu yoyote. Hata fundi wa matatu ana mwenzake wa kumpigia simu akikutana na injini asiyoijua.

Kwa miaka mingi mahali pakuu pa kutafutia majibu palikuwa Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu iliyoanzishwa mwaka 2008 na Joel Spolsky na Jeff Atwood. Kabla yake ilikuwa taabu. Kulikuwa na Experts Exchange, ambako ungekuta mtu ameuliza swali lako lilelile, lakini ili ulione jibu unatakiwa kulipa. Stack Overflow ikafungua mlango: uliza bure, jibu bure, na wasomaji wapige kura jibu lililo bora lipande juu. Kisha Novemba 2022 ikaja ChatGPT, na wengi wetu tukahamishia maswali huko.

Mimi sipingi kutafuta. Ninachopinga ni ile imani kwamba ukishapata jibu, kazi imekwisha.

Kila jibu lina kwao

Jibu lolote unaloliona mtandaoni liliandikwa na mtu fulani, mahali fulani, siku fulani, kwa ajili ya shida yake. Hata likiwa na kura elfu moja, hazikuhakikishii kuwa litakufaa wewe. Hazikuhakikishii hata kuwa ni sahihi.

Mnataka mfano? Mwaka 2010 mwandishi mmoja wa Java, Andreas Lundblad, aliweka Stack Overflow kipande kifupi cha msimbo cha kugeuza idadi ya baiti iwe maandishi yanayosomeka, kama kilobaiti au megabaiti. Watu wakakipenda. Utafiti wa Sebastian Baltes uliochapishwa 2018 ulikuta kwamba ndicho kipande cha Java kilichonakiliwa zaidi kutoka tovuti ile, kimeenea katika maelfu ya miradi kwenye GitHub. Mwaka 2019 Lundblad mwenyewe akaandika kwamba kipande kile kina kosa: ukikipa baiti 999,999 kinakuandikia 1000.0 kB badala ya 1.0 MB. Miaka tisa watu wananakili kosa! Na huyo ni muungwana aliyerudi kusahihisha. Wangapi hawajarudi?

Kule ilikuwa ukubwa wa faili tu. Tuje nyumbani sasa, kwenye pesa za watu.

Anza na namba za simu. Kwa miaka mingi namba za mkononi Kenya zilianza na 07. Mwaka 2019 zikaingia za 01: 0110 na ndugu zake kwa Safaricom, 0100 na ndugu zake kwa Airtel. Tafuta msimbo wa kukagua namba ya simu ya Kenya na bado utakutana na majibu ya zamani yanayosema namba lazima ianze na 07 au 2547. Bandika msimbo huo kwenye mfumo wa chama cha ushirika, halafu mkulima mwenye laini ya 0110 aje kujiandikisha. Ataambiwa namba yake si sahihi. Yeye si mtu wa kompyuta, ataamini kosa ni lake, atarudi nyumbani.

Njoo kwenye malipo. M-Pesa ilianza Machi 2007, na tangu 2017 Safaricom ina lango la waandishi wa programu linaloitwa Daraja. Ukituma ombi la STK, yaani lile linalomtokea mteja kwenye simu likimtaka aweke namba ya siri, utapata majibu mawili. La kwanza linakuja papo hapo likiwa na ResponseCode 0. Maana yake ombi limepokelewa. Basi! Mteja hajalipa hata senti. La pili linakuja baadaye kwenye anwani ya seva yako, na hapo ResultCode 0 ndiyo inayosema pesa imelipwa. Ikija 1032, mteja ameghairi. Sasa niambieni, mmeona mara ngapi msimbo wa mafunzo unaosoma ile sifuri ya kwanza na kuandika "Amelipa"? Mimi nimeuona mara nyingi mno. Mwenye duka la pembejeo anatoa gunia la mbolea, pesa haijafika na haitafika.

Njoo kwenye saa. Seva nyingi tunazokodi huhesabu muda kwa UTC, na Kenya iko saa tatu mbele. Malipo yaliyoingia saa saba usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai, kwa seva bado ni saa nne usiku tarehe 30 Juni. Mwisho wa mwezi ripoti ya mfumo hailingani na taarifa ya M-Pesa, na mhasibu wa chama anaanza kutazamwa kwa jicho la wizi. Mwandishi aliyekaa London hata asingeona tatizo hili akijaribu msimbo wake Januari, maana kule wakati huo wa mwaka saa ya ukutani na UTC ni kitu kimoja.

Njoo kwenye majina. Fomu zilizonakiliwa kutoka Marekani zinataka jina la kwanza na jina la ukoo, kila moja lianze na herufi kubwa. Huku kwetu kuna wazee wanaojiandika "arap" kwa herufi ndogo, na ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina ya mwisho tofauti kabisa. Akina Cheruiyot na Kiprono wamejaa kila kijiji. Mfumo unaomtafuta mkulima kwa jina badala ya namba yake ya uanachama utampa mtu pesa za mwingine. Fomu hiyohiyo inataka jina la mtaa na namba ya nyumba. Mtaa gani? Mtu wa Fort Ternan atakupa sanduku la posta na jina la shule iliyo karibu na kwake.

Msiseme haya ni madogo. Mkulima wa chai aliye chini ya KTDA hulipwa kiasi fulani kwa kilo kila mwezi, kisha bonasi ya mwaka. Bonasi ndiyo karo na ndiyo mabati ya nyumba. Sisi wa Kipkelion tuna kahawa pia, na maziwa, na mahindi, na kila kimoja kina chama chake na daftari lake, na kila daftari linahamia kwenye kompyuta. Anayelihamisha ni mimi na wewe, na kipande cha msimbo tulichookota mtandaoni bila kukiuliza kimetoka wapi.

Basi maarifa yako wapi?

Katika mambo hayo manne hakuna siri hata moja. Mwandishi wa programu aliyefanya kazi nchini hapa mwaka mmoja au miwili ameshakutana nayo yote. Basi yako wapi?

Yako kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram. Saa tano usiku mtu anauliza, "Wakuu, mbona mfumo unaonyesha amelipa na pesa haijaingia?" Mkongwe mmoja anajibu vizuri kabisa, aya tatu, na mfano wa msimbo. Watu wanapiga makofi ya vikaragosi. Asubuhi zinaingia salamu za Jumapili, tangazo la kiwanja, video ya mchungaji, na jibu lile linazama. Baada ya wiki tatu swali lilelile linarudi. Aliyejiunga jana mara nyingi haoni yaliyosemwa juzi. Google haiingii humo. Mkongwe akiibiwa simu kwenye matatu, kumbukumbu ya miaka mitano inaweza kwenda nayo.

Au maarifa yako kichwani mwa mtu mmoja ofisini. Akipata kazi Nairobi au Dubai, ofisi inabaki gizani, na anayekuja nyuma yake anaanza kutafuta upya, kwa bando lake mwenyewe. Hebu fikirini: watu ishirini katika kaunti moja wananunua bando mara ishirini kutafuta jibu ambalo mwenzao analo, na wote hawalipati.

Halafu tunalalamika kwamba mtandao umejaa mambo ya Wazungu na Wahindi. Umejaa mambo yao kwa sababu wao wanaandika! Mwenzako wa Bangalore akitatua shida saa sita usiku, anaiandika saa saba. Wewe ukitatua yako unalala.

Visingizio

Navijua vyote, tuvipitie kimoja kimoja.

"Sina muda." Una muda wa kujibu swali lilelile mara nne kwa mwaka kwenye kundi. Liandike mara moja pahali pa wazi, mara nyingine utume kiungo. Utaokoa muda.

"Nitawapa washindani silaha." Ndugu yangu, hakuna chama cha ushirika kitakachokupa kazi kwa sababu wewe peke yako unajua maana ya ResponseCode. Wanakupa kazi kwa sababu unafika, unasikiliza, mfumo haukwami siku ya malipo na simu yako inapokelewa. Kama biashara yako yote imesimama juu ya mistari kumi ya msimbo, basi huna biashara.

"Ni siri ya mteja." Hapa nakubali nusu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na majina, namba za vitambulisho na malipo ya wanachama si vya kuanikwa. Lakini somo si siri. Unaweza kueleza kosa la saa za UTC bila kumtaja mkulima yeyote wala chama chochote. Na cha kushangaza ni kwamba haohao wanaojificha nyuma ya siri ya mteja ndio wanaobandika orodha nzima ya wanachama kwenye roboti la mazungumzo, eti liwasaidie kupanga jedwali. Mwenzako unamnyima mistari kumi ya msimbo, lakini kampuni ya ng'ambo unaipa vitambulisho vya kijiji kizima!

"Kiingereza changu si kizuri." Nani amekwambia uandike Kiingereza? Nusu ya majibu ya kwenye kundi ni Kiswahili tayari. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu nzima ya ofisini kwa Kiswahili, wakati ambapo wengi walidhani kompyuta haisemi lugha hii. Ujumbe wa hitilafu uache kwa Kiingereza kama ulivyo ili atafutaye aupate, maelezo yote yaliyobaki yaandike kwa lugha unayoimudu.

"AI itatujibu." Hiki ndicho kisingizio cha siku hizi, na ndicho kibovu kuliko vyote.

Roboti halikulima chochote

Haya maroboti ya mazungumzo yalisomeshwa kwa maandishi ambayo watu waliyaandika. Ukiyauliza jambo lililoandikwa mara elfu kumi, yanajibu vizuri. Nami nayatumia. Ukiyauliza jambo lililo kwenye kundi la WhatsApp la Kericho peke yake, mara nyingi hayasemi "sijui". Yanakutungia jibu, kwa sauti ya kujiamini, kwa Kiingereza safi. Yanaweza kukupa ukaguzi wa namba za 07 kwa sababu ndio uliojaa kwenye maandishi ya zamani.

Stack Overflow wenyewe walipiga marufuku majibu ya ChatGPT Desemba 2022, wakisema yanaonekana mazuri huku mengi yakiwa si sahihi. Mei 2024 wakatangaza ushirikiano na OpenAI, kampuni hiyohiyo yenye ChatGPT. Hapo pana somo. Wenye roboti wanajua kwamba bila majibu ya watu roboti halina cha kusema. Na maswali mapya kwenye tovuti ile yamepungua sana tangu 2022. Kisima tunachochota wote, wajazaji wanapungua. Kama hata yale ya Marekani yanaanza kukauka, yetu ambayo hayajawahi kuandikwa yatajulikana na nani?

Tena kuna siku mtandao wenyewe haupo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ya Afrika Mashariki ikasuasua kwa siku kadhaa. Aliyekuwa amehifadhi nyaraka kwenye kompyuta yake alifanya kazi. Aliyezoea kuuliza kila kitu kila dakika alikaa akitazama duara likizunguka.

Tumewahi kuweza

Asiniambie mtu kwamba sisi ni watu wa kupokea tu. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ambao msimbo wake uko wazi na unatumika katika nchi nyingi, ulianza mwaka 2004 kutokana na mahitaji ya mradi wa AMPATH pale Eldoret, jirani zetu hapo juu. Ushahidi ilizaliwa Kenya mwaka 2008 wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, msimbo ukawekwa wazi, na mwaka 2010 ukatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Shida za hapa, zikiandikwa wazi, zimewahi kuwa dawa ya kwingine.

Nataka tufanye nini?

Kabla ya kutumia jibu lolote, liulize mambo matatu: limeandikwa lini, kwa toleo gani, na kwa nchi gani. Kisha fungua nyaraka za mwenye mfumo mwenyewe. Kama ni Daraja, soma maelezo ya Daraja, usitegemee muhtasari wa mtu wa tatu.

Lijaribu kwa mambo ya kwetu. Weka namba ya 0110. Weka malipo ya saa saba usiku mwisho wa mwezi. Weka mzee anayeitwa arap fulani, na wanachama wawili wenye majina sawasawa. Ghairi malipo kwenye simu uone mfumo unasemaje. Hii ni kazi ya nusu saa.

Ukinakili, weka kiungo cha ulikotoa juu ya msimbo. Majibu ya Stack Overflow yana leseni ya CC BY-SA inayodai umtaje mwandishi. Zaidi ya hayo, atakayekuja baada yako atajua pa kwenda kuangalia kama kosa limesahihishwa.

Ukitatua shida ya hapa, iandike siku hiyohiyo mahali pa wazi. Mistari kumi inatosha: ujumbe wa hitilafu kama ulivyo, chanzo, dawa, tarehe na toleo. Usingoje iwe makala nzuri.

Na ninyi viongozi wa makundi, acheni kuhesabu wanachama. Kila Ijumaa chukueni majibu mawili bora ya wiki, ombeni ruhusa ya waliojibu, ondoeni majina ya wateja, mkayaweke kwenye ukurasa ambao Google inaweza kuuona. Kwa mwaka mmoja mtakuwa na majibu zaidi ya mia ya mambo yetu.

Anayesema haiwezekani aje tubishane, lakini aje na kiungo cha jambo aliloandika mwenyewe. Na wewe mkongwe uliyejibu lile swali la ResponseCode kwenye kundi wiki iliyopita, unajijua. Jibu lako lilikuwa zuri kuliko yote niliyoyaona mtandaoni. Litoe humo leo, kabla hujabadilisha simu.